Utamaduni Usisingiziwe

Oktoba moja nilikuwa mlezi wa kundi la wanafunzi wanane: wanne wa chuo kimoja hapa Dar es Salaam na wanne wa chuo kimoja cha jimbo la New York. Kazi yao ilikuwa kumshauri Mmarekani mwenye kampuni ndogo ya taa za sola, namna ya kuingiza bidhaa yake Afrika Mashariki. Kijana mmoja wa upande wa kule alikuwa amesoma Kiswahili muhula mmoja, akataka kutuonyesha heshima. Badala ya Kiingereza cha siku zote, akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Tukutane kesho saa nane."

Kesho yake vijana wa Dar wakaingia mkutanoni saa nane mchana. Hakuna mtu. Wakasubiri huku bando linateketea, mpaka ilipokaribia saa tisa wakatoka mmoja mmoja. Saa tisa kamili yule kijana wa New York akafungua mkutano. Kwake ilikuwa saa mbili asubuhi, ile ambayo saa yake inaiandika 8, naye akaitafsiri kama alivyoiona: saa nane. Akakaa peke yake nusu saa nzima. Jioni ikaja barua pepe kutoka upande wa kule kwa walimu wa pande zote mbili, ya adabu kabisa, ikipendekeza kipindi kimoja kitengwe cha kuzungumzia tofauti za kitamaduni kuhusu muda.

Nilicheka kwanza, hasira ikaja baadaye. Waliotangulia kwa saa nzima ndio walioandikwa wachelewaji.

Mtu anaweza kunibana hapa: je, kuhesabu saa tangu jua linapochomoza si utamaduni huo huo? Ni utamaduni, sikatai. Lakini ni wa aina inayoelezeka kwa sentensi moja na kurekebishika kwa sentensi ya pili. Barua ile haikuwa na maana hiyo. Ilikuwa inaikumbuka hadithi kongwe ya Mwafrika asiyejali muda, na hadithi hiyo ilikuwa imekaa tayari mlangoni, inangoja tu kisa cha kuipisha ndani. Tangu siku hiyo, kila nikisikia kwamba wanafunzi wa nchi mbili wameshindwa kuelewana mtandaoni "kwa sababu za kitamaduni", huuliza kwanza maswali ya kawaida. Nani alipanga saa? Nani analipia intaneti? Alama anatoa nani? Mara nyingi sihitaji kufika swali la nne.

Mtindo huu wa wanafunzi kushauriana na kutoa ushauri wakiwa mbalimbali si mgeni. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, SUNY, kilianzisha kituo chake cha masomo ya pamoja ya mtandaoni mwaka 2006, na mfumo wenyewe umeenea duniani kwa jina la COIL. Mwaka 2010 Vas Taras, mwalimu wa biashara za kimataifa katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Greensboro, akaanzisha X-Culture. Huko wanafunzi huchanganywa katika vikundi vya watu sita au saba hivi, kwa kawaida kila mtu na nchi yake. Hupewa tatizo la kampuni halisi, na kwa muda wa karibu miezi miwili huandika ripoti ya ushauri bila kuonana uso kwa uso. Hupimana wenyewe kwa wenyewe kila wiki, na mtegeaji anayetaka jina lake liandikwe tu anaweza kutolewa kundini. Wanaoshiriki ni maelfu kila muhula.

Faida ya mpango mkubwa kama huo ni kwamba unaacha takwimu nyuma yake. Mwaka 2019 Taras na wenzake walichapisha uchambuzi wa vikundi 804 vya ushauri vyenye jumla ya watu 5,728. Walichofanya ni kutenganisha tofauti za aina mbili ambazo sisi huzimimina kwenye chungu kimoja tukazikoroga. Kuna tofauti za watu wenyewe: umri, ufasaha wa lugha, mambo wanayoyathamini. Kuna pia tofauti za mazingira wanakotoka: uchumi wa nchi, taasisi zake, siasa zake. Tofauti za watu zilileta mushkeli kwenye maelewano. Tofauti za mazingira ziliinua ubora wa kazi.

Kwangu hayo ni matokeo makubwa kuliko yanavyosikika. Yanasema kwamba kinachompa kijana wa Dar thamani ndani ya kundi si salamu zake ndefu wala ukarimu wake, mambo ambayo semina za utangulizi hupenda kuyasimulia. Thamani yake ni kwamba anajua umeme ukikatika watu wanafanya nini, mtaani pesa inazungukaje, na nani akisema jambo anaaminika. Anayo habari ambayo mwenzake wa New York hawezi kuipata maktaba. Sasa shida inakuja hapa: habari hiyo inatokaje kichwani mwake ikafika kwenye ripoti?

Nirudi kwenye taa za sola. Rasimu ya kwanza iliandikwa na upande wa Marekani, kwa sababu ndio waliokuwa wepesi wa Kiingereza na ndio waliokuwa na kompyuta mpakato kila mtu yake. Ilisema mteja wa Tanzania ataagiza taa kwenye tovuti, atalipa kwa kadi, na ataletewa mzigo nyumbani. Mmoja wa vijana wetu alikuwa mzaliwa wa Mbagala. Alikulia kwenye nyumba inayonunua mafuta ya kula ya kupima na sukari robo kilo. Alijua kwamba hata kwa jirani Kenya, taa za sola zilipenya majumbani pale kampuni ya M-KOPA ilipoanza, mwaka 2012, kuziuza kwa malipo madogo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa. Alijua pia kwamba, pamoja na Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 na vibao vyake vyote, bodaboda wa kwao bado anaelekezwa kwa kuambiwa "ukifika kwenye mwembe nipigie". Kifupi, aliijua kasoro ya kila ukurasa wa rasimu ile. Akaulizwa kwenye kundi anaionaje.

Akajibu: "Sawa."

Wamarekani wakashukuru, rasimu ikasonga mbele.

Hili neno letu dogo linastahili kuchunguzwa na mtu yeyote anayepanga kazi za ushauri na Waswahili. Sawa ni nimekubali. Sawa ni nimesikia, basi. Sawa ni siafiki lakini sitaki maneno na wewe. Sawa ni tumalize, bando linaisha. Tukiwa tumekaa pamoja hakuna anayekosea: ile ya kuvuta, "saaawa", mtoto wa darasa la pili anajua kuwa ni hapana. Ile kavu, iliyokatwa, ni onyo. Lakini kwenye skrini zote zina herufi nne na hazina sauti. Siku hizi mambo yameharibika zaidi, maana wapo wanaopitisha ujumbe kwenye programu za kutafsiri na za akili bandia, na nimeona kwa macho yangu "sawa" ya mashaka ikitoka upande wa pili ikiwa Kiingereza cha furaha chenye alama ya mshangao.

Nilipomuuliza kijana yule kwa nini hakusema, hakunijibu habari za mila. Alisema: "Mwalimu, ilishafika kurasa kumi na mbili. Ningeanzia wapi?" Akaongeza kwamba aliisoma kwenye simu, usiku, kwa bando la kuazima, kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijatoka. Na kwamba wale ndio watakaompa alama Ijumaa.

Hapo ndipo wataalamu wa tamaduni huingia na vitabu vyao. Tangu mwanaanthropolojia Edward Hall aandike mwaka 1976 juu ya jamii ambazo maana hukaa zaidi kwenye mazingira ya mazungumzo kuliko kwenye maneno yenyewe, tumekuwa tukiwekwa upande huo: watu wa kuzunguka, wa kukwepa mabishano. Kuna ukweli ndani yake, nami nimetoka kuusema kwa ile "sawa" ya kuvuta. Ila kijana huyu huyu wa Mbagala mkute kijiweni Jumapili jioni, Simba na Yanga wametoka kucheza, uone kama anakwepa mabishano. Mishipa ya shingo inamtoka. Kunyamaza kwake kwenye kundi hakukuwa tabia aliyozaliwa nayo, kulikuwa ni hesabu aliyopiga.

Geert Hofstede, mtafiti aliyezipima tamaduni za nchi kwa namba, naye anatajwa karibu kila semina. Namba zake, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1980 kutokana na madodoso ya wafanyakazi wa IBM, bado zinaonyeshwa kwa wanafunzi kama vipimo vya joto la mwili: Afrika Mashariki 64 kwa kukubali tofauti za mamlaka, 27 kwa ubinafsi, yaani mtu kujitazama mwenyewe kabla ya kundi lake. Wasichoambiwa ni kwamba "Afrika Mashariki" hiyo ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilizounganishwa kwa sababu waliohojiwa kila nchi walikuwa wachache mno. Mtu wa Addis Ababa na mtu wa Lusaka, wote waajiriwa wa kampuni moja ya kompyuta miaka hamsini iliyopita, ndio wanaomsemea binti wa Micheweni anayesoma uhasibu leo. Simlaumu Hofstede kwa kujaribu. Namlaumu mwalimu anayeitoa namba hiyo siku ya kwanza, kabla wanafunzi hawajajuana hata majina, halafu anashangaa kwamba kila jambo baadaye linaelezwa kwa namba hiyo.

Turudi kwenye neno lenyewe, ushauri. Kiswahili cha ofisini kinatofautisha ushauri elekezi, ule wa mkataba na ripoti na malipo, na ushauri nasaha, ule wa kukaa na mtu mkazungumza mpaka moyo wake utulie. Yote mawili yanatoka kwenye shauri, na shauri lina ukoo mpana: ni jambo, ni kesi iliyo mahakamani, ni mawazo ya wazee. Ukiliongezea "yako" linageuka kabisa: shauri yako, mimi simo. Nadhani miradi mingi ya wanafunzi inaomba ushauri elekezi kutoka kwa vijana waliolelewa kwenye ule mwingine, ambao kwao huwezi kumshauri mtu usiyemjua. Wale wanane hawakuwahi kumsikia mwenye kampuni akizungumza. Walimjua kama faili la kurasa tatu. Mkutano wenyewe ulikuwa wa programu ya bure inayokata baada ya dakika 40, kwa hiyo salamu zilipokatwa ili kuokoa muda, kilichokatwa ni ile nafasi ambayo upande wetu huitumia kupima upepo: mwenzangu ana hali gani, leo anaambilika? Wakabaki na ajenda tupu. Wakiulizwa jambo, wanajibu sawa. Ikija kuharibika, shauri yao.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sidhani kama kuna maelezo mafupi zaidi ya kwa nini kampuni huita washauri wa nje. Mgeni huja na macho mapya. Lakini tazama mpangilio wa lile kundi: mteja Mmarekani, kalenda ya New York, lugha Kiingereza, rasimu imeandikwa kule. Mazungumzo yalikuwa juu ya soko la Mbagala, na mtu wa Mbagala ndiye aliyekuwa mgeni humo. Nani angepona?

Wapo waliowahi kulifikiria hili kwa makini kuliko sisi. Mwaka 1997 walimu wa Kifaransa wa taasisi ya MIT, wakiongozwa na Gilberte Furstenberg, waliwaunganisha wanafunzi wao na wenzao wa Ufaransa kupitia intaneti. Wakawapa maneno yale yale wayaeleze, kila upande kwa lugha yake, kisha walinganishe. Uamuzi wao ambao ningewatakia wengi wauige ni huu: Mmarekani aliandika Kiingereza na Mfaransa aliandika Kifaransa, ijapokuwa Wamarekani wale walikuwa darasani kujifunza Kifaransa. Hakuna aliyekwenda mazungumzoni akiwa na nusu ya ulimi wake. Wanaojifunza lugha kwa mtindo wa tandemu, wawili wawili, nao wana kanuni ya kugawa muda nusu kwa nusu: nusu saa yangu, nusu saa yako.

Muhula uliofuata tulijaribu kubadilisha mambo mawili, na nakiri la kwanza lilitokana na shida wala si busara. Mikutano ya video ilikuwa inatushinda. Saa moja inaweza kula karibu GB nzima, na anayekumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, anajua kuwa hata mwenye pesa ya bando hana uhakika. Tukaamua kazi nyingi zifanyike kwa sauti za WhatsApp. Mtu anarekodi dakika mbili, anatuma pale mtandao unapokuwa mzuri, mwenzake anasikiliza akiamka. Vijana wetu waliruhusiwa kuanza kwa Kiswahili, mmoja wao akafasiri. Ghafla "sawa" ikapata sauti yake. Yule Mmarekani wa saa nane, aliyeendelea na darasa lake la Kiswahili, akawa wa kwanza kuuliza: "Hiyo sawa yako ni sawa kweli?"

La pili lilikuwa kumgeuza mteja. Safari hii aliyeshauriwa hakuwa kampuni ya Marekani, bali kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja cha Unguja wanaolima mwani na kutengeneza sabuni kwa sehemu ya mavuno yao, maana bei ya mwani mkavu kwa wanunuzi wa kusafirisha nje ni ya kuchosha roho. Walitaka kujua watafanyaje sabuni ile iuzike kwa watalii bila kupitia mikono mitatu. Vijana wa Dar walipanda boti, wakakaa nao, wakarudi na sauti na picha. Rasimu ya kwanza wakaiandika wao.

Sikutarajia kilichotokea. Wamarekani wakawa wapole. Walipoulizwa wanaonaje, wakajibu "OK". Wiki ya pili, "OK" tena, na kidole gumba. Mmoja alikuwa na jambo zito la kusema: kwao sabuni isiyoorodhesha viungo vyake kwenye karatasi ya nje humtia mnunuzi wasiwasi, hata ikinukia vipi. Alikaa nalo siku tisa. Nilipomwomba mwalimu wake amdadisi, jibu lilikuja karibu neno kwa neno na lile la Mbagala: hawa ndio wanaowajua wale akina mama, mimi ningeanzia wapi?

Sikumbuki namba ya Hofstede inayotabiri Mmarekani wa miaka ishirini atanyamaza siku tisa.

Sisemi kwamba tofauti zilikwisha. Zilibaki, na baadhi zilikuwa za kitamaduni kwelikweli. Binti mmoja wa kule aliwauliza wale mama, kupitia kwa vijana wetu, kila mmoja anapata kiasi gani kwa mwezi, na swali likaganda hewani, hakuna aliyetaka kulibeba. Vijana wetu waliona haya hata kulitafsiri. Wakaligeuza, wakauliza mwani unasaidia nini nyumbani, majibu yakaja mengi: ada, bati, mkopo wa kikoba. Binti alilalamika kwamba swali lake limebadilishwa bila yeye kuulizwa, na alikuwa na haki. Vijana wakasema lingeulizwa vile tungefukuzwa, nao walikuwa na haki. Ubishi ule ulichukua wiki nzima na ulikuwa wa maana kuliko semina yoyote niliyohudhuria, kwa sababu safari hiyo kulikuwa na tofauti halisi mezani, yenye swali halisi na watu halisi wa kuumia ikikosewa. Mwishowe ripoti ilibeba jedwali la matumizi badala ya la mapato, na maelezo mafupi ya kwa nini.

Chuo chetu kimeombwa kuendelea na utaratibu ule wa zamani, kwa sababu makampuni ya nje huja na ada ndogo ya ushiriki na akina mama wa mwani hawana cha kutoa zaidi ya sabuni. Naelewa. Ila ningeomba angalau mteja mmoja katika kila wawili awe wa upande huu, na alama zitolewe na walimu wa pande zote mbili. Hayo hayahitaji wafadhili.

Mwezi Machi, muhula ule ule wa sabuni ya mwani, mikutano michache ya video tuliyobakiza ilikuwa saa kumi jioni ya Dar, ambayo kwa New York ni saa mbili asubuhi. Jumapili ya pili ya mwezi ule Marekani husogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi kitu, na kama kawaida hakuna aliyekumbuka. Mkutano uliofuata yule Mmarekani wa saa nane aliingia saa mbili asubuhi kwa saa yake. Dar ilikuwa saa tisa alasiri na vijana wetu walikuwa bado kantini. Alikaa peke yake zaidi ya nusu saa, kisha akatuma sauti kwenye kundi, kwa Kiswahili chake cha kupapasa: "Nipo hapa, nawasubiri. Nadhani hamjachelewa. Nadhani ni saa yetu imeruka."

Wakamjibu kwa kicheko cha watu wanne, na sahani zinagongana nyuma yao.